Maabara ya mbao ya chuo kikuu ipanuliwe wapi: Morogoro, Mafinga au juu ya magurudumu?

Chuo kikuu kikipata fedha za kupanua maabara ya mazao ya misitu, mjadala kwa kawaida huanzia kwenye orodha ya mashine. Mimi naona uanzie kwa mpasuaji wa Mufindi mwenye msumeno wa duara na rundo la misindano (paini) iliyokatwa jana. Ubao wake utaifikiaje mashine hiyo? Majibu yatamrudia lini, na yatambadilishia nini kwenye bei? Ulinganisho huu nimewaandikia wanaokaa kwenye vikao vya uamuzi wa namna hiyo: wanataaluma, maofisa misitu wa halmashauri, viongozi wa vyama vya wakulima wa miti, na wafadhili wenye nia ya kusikiliza.

Mfano wangu ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Kina idara ya uhandisi wa misitu na sayansi ya mbao, na mahali kilipo panalileta swali lenyewe wazi kabisa. Chuo kiko Morogoro. Mbao nyingi za kupandwa ziko Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Sao Hill ambalo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, hadi mashamba madogo ya wananchi Mufindi, Njombe na Makete. Kati ya Morogoro na Mafinga, mji wa Mufindi, kuna karibu kilomita 400 za barabara.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kupanua maabara pale pale kampasi kuu, Morogoro. Ya pili ni kufungua tawi Mafinga. Ya tatu ni maabara inayotembea: gari lenye vipimo vya mkononi linalozunguka kwa wapasuaji na vyama vya wakulima. Kila moja ina watetezi wake na kila moja ina kazi inayoimudu kuliko wenzake. Kosa ninaloliona ni kuzilinganisha kwa ukubwa wa jengo, ilhali zinapaswa kulinganishwa kwa aina ya kipimo.

Unyevu: hapa Morogoro inashindwa

Nianze na unyevu kwa sababu ndio unaomla mkulima na fundi kila siku. Mbao nyingi za Mafinga huuzwa mbichi. Hupasuliwa, hupangwa kwenye lori zikiwa zimebanana bila vijiti vya kupitisha hewa, na zikifika Dar es Salaam msindano umeshaanza madoa ya bluu. Zikipigiliwa paani hukaukia huko huko, zikapinda na kufungua maungio. Fundi wa samani wa Keko akizitumia kabla hazijakauka, droo aliyoitengeneza vizuri itagoma kufunguka baada ya miezi michache, na mteja atamlaumu yeye.

Kupima unyevu si jambo gumu. Kipande kinapimwa uzito mara tu kinapokatwa, kinaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 103 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, kisha uzito wa maji yaliyotoka unagawanywa kwa uzito wa kipande kikavu. Kipande cha gramu 180 kikitoka na gramu 100, unyevu wake ni asilimia 80. Ubao ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu wa kuozesha hawana nafasi. Kwa samani za ndani fundi angetaka asilimia 12 hadi 15.

Ugumu uko kwenye neno «mara tu». Sampuli iliyosafiri usiku kucha kwenye buti la basi, hata ikifungwa nailoni, imeshaanza kusema habari za safari badala ya habari za rundo ilikotoka. Na hata ikifika salama, mpasuaji hawezi kuzuia lori siku tatu akingoja jibu. Kwa hiyo kipimo hiki ama kifanyike Mafinga, ama kimfuate mtu kwenye uwanja wake wa mbao.

Watetezi wa gari watasema: basi gari linatosha, kwa kuwa vipo vipimo vya mkononi vyenye sindano mbili vinavyosoma unyevu papo hapo. Ni kweli, na ningependa kila chama cha wakulima kiwe nacho kimoja. Lakini vipimo hivyo vinaaminika kwenye mbao ambayo tayari imekauka kiasi, chini ya asilimia 28 hivi. Juu ya hapo namba inayoonekana kwenye kioo ni ya kukisia tu. Kila aina ya mti pia inahitaji sahihisho lake, na anayelitoa sahihisho hilo ni tanuri na mizani. Kwa hiyo gari lisilo na chumba cha tanuri nyuma yake litasambaza namba ambazo hakuna anayezithibitisha. Chumba chenyewe hakihitaji makubwa: tanuri moja, mizani nzuri, msumeno wa kukatia sampuli, umeme wa uhakika, na mtu anayeandika daftari bila kuruka siku.

Kipimo peke yake hakikaushi ubao. Ndiyo maana tawi la Mafinga lingekuwa na faida nyingine: nafasi ya kujenga matanuri ya jua ya mfano, yale ya paa la nailoni angavu na feni, ili mpasuaji aone rundo la inchi moja linavyokauka kwa wiki chache huku limebanwa na mawe juu lisijikunje. Kitu hiki mtu anakielewa akikishika kwa mkono wake.

Nguvu ya ubao: hapa Mafinga haifai kuanza

Wataalamu wa SUA wamepima kwa miaka mingi sifa za miti ya Tanzania, ikiwemo ile isiyojulikana sana sokoni. Kwa desturi kipimo cha namna hiyo hufanywa kwenye vipande vidogo visivyo na dosari, vya milimita 20 kwa 20 kwa urefu wa milimita 300. Vinafaa sana kulinganisha mti na mti. Lakini mhandisi wa nyumba hanunui ubao usio na dosari. Ananunua mbili kwa sita yenye vifundo, yenye moyo wa mti katikati, pengine na ufa upande mmoja, na anataka kujua itabeba nini.

Kupima ubao wa ukubwa wa kutumika ni kazi nyingine kabisa. Kwa utaratibu wa Ulaya unaotumika sana, umbali kati ya vishikio ni mara 18 ya kimo cha ubao. Ubao wa milimita 150 unahitaji milimita 2,700 kati ya vishikio, na ziada kidogo pembeni. Hapo unazungumzia fremu kubwa ya chuma, sakafu nene isiyotikisika, na mamia ya mbao za kuvunjwa kutoka mashamba mbalimbali ndipo upate daraja la nguvu linaloweza kuandikwa kwenye kiwango cha TBS, shirika la viwango la taifa. Wanaoifanya kazi hiyo ni watafiti na wanafunzi wa uzamili, na inakwenda miaka. Mpasuaji hahitaji kuwepo. Anachohitaji ni matokeo yake.

Kuna kifaa kingine kisichoonekana kwenye picha za uzinduzi: chumba cha kutuliza sampuli, kinachokaa nyuzi 20 na unyevuhewa wa asilimia 65 mchana na usiku, ili mbao zote zifike karibu asilimia 12 kabla ya kuvunjwa. Bila chumba hicho, matokeo ya Januari na ya Julai hayalinganishiki. Kwa joto la Morogoro, chumba hicho kinataka kiyoyozi kizuri na jenereta la akiba. Ningekigharimia kabla ya mashine ya kuvunjia yenyewe.

Jambo hili si la kitaaluma tupu. Mashamba ya serikali huiacha misindano miaka 18 na kuendelea ndipo ivunwe kwa mbao, ila mkulima mdogo mwenye ada ya shule mlangoni huuza ikiwa na miaka 10 au hata chini ya hapo. Mbao ya miaka ya mwanzo ya msindano ni nyepesi, nyuzi zake ni fupi, na hupungua kwa urefu kuliko mbao ya mti mzima, ndiyo maana hupinda. Sokoni zote mbili huitwa mbili kwa nne na bei zake hukaribiana. Mpaka daraja la nguvu litakapokuwepo na kufuatwa, mkulima aliyevumilia miaka minane zaidi hana namna ya kulipwa uvumilivu wake. Sioni hoja nzito kuliko hii ya kupanua maabara, na ni hoja ya Morogoro.

Kiungo kati ya sakafu ile kubwa na uwanja wa mbao ni sauti. Ukigonga gogo au ubao upande mmoja na kupima jinsi mlio unavyosafiri ndani yake, unapata mwendo wa sauti. Zidisha uzito wa mita moja ya ujazo kwa mwendo huo uliozidishwa kwa wenyewe, unapata ukakamavu wa ubao dhidi ya kupinda. Ubao wenye kilo 450 kwa mita ya ujazo unaopitisha sauti kwa mita 4,500 kwa sekunde una takriban gigapaskali 9. Wenye kilo 380 na mita 3,200 una karibu 4 tu. Kifaa chake hubebwa mkononi, hivyo hapa gari linapata kazi yake halisi: kupita kwenye mashamba kabla ya kuvuna na kumwambia mkulima msitu wake umefikia wapi. Lakini uhusiano kati ya mlio na nguvu halisi ya kuvunjika lazima uwe umethibitishwa kwanza Morogoro kwa miti ya hapa hapa.

Dawa

Hapa nitakuwa mfupi. Nguzo za umeme za milingoti (mikaratusi) na mbao za paa hushindiliwa dawa ya shaba, kromu na aseniki kwa mgandamizo. Rangi ya kijani juu ya ubao haimwambii mnunuzi dawa imezama kiasi gani. Kuna dawa ya kupuliza iitwayo kromi azuroli inayogeuza sehemu yenye shaba kuwa bluu iliyokolea. Unakata ubao, unapuliza, unaona kwa macho. Kipimo hicho ni cha gari. Kujua kiasi cha dawa kwa kila mita ya ujazo kunataka mashine ya miale ya eksi, ambayo ni ya mezani na inafaa kukaa Mafinga, karibu na mitambo ya kutia dawa. Na tawi lolote litakaloishughulikia dawa hii lazima liwe na mpango wa vipande vinavyobaki, kwani kuvichoma kama kuni ni kuipeleka aseniki jikoni kwa watu.

Msitu wa asili una mteja mwingine

Mijadala mingi ya maabara husahau kuwa misitu ya Tanzania si misindano pekee. Kilwa, Liwale, Ruangwa na kwingineko vijiji vina misitu ya hifadhi ya vijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na baadhi ya vijiji vya Kilwa viliingia mwaka 2009 kwenye cheti cha FSC, kinachothibitisha kimataifa kuwa msitu unatunzwa vizuri, kupitia shirika la MCDI. Mafinga haiwasaidii hawa chochote, kwani iko upande mwingine kabisa.

Wanachohitaji ni vitu viwili. Kwanza, kujulikana kwa miti ambayo soko haliitaki kwa sababu halijui tabia zake, kama mtondoro na myombo, ili mninga na mkongo zipumue. Hapo vipande vidogo vya SUA vinatosha kuanzia, pamoja na majaribio ya kukausha na kupiga randa. Pili, utambuzi wa mbao. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na karibu jamaa zake wote tangu Januari 2017, na mwezi Novemba 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuingiza humo miti ya Afrika ya jenasi za mninga na mkongo. Maana yake, biashara yake ya nje inahitaji kibali, na ofisa aliye getini au bandarini anapaswa kujua anachokiangalia. Kioo cha mkono cha kukuza mara 10 kinamfikisha kwenye jenasi. Kutofautisha mninga na mkurungu kunataka hadubini, mkusanyiko wa sampuli za kulinganishia, na macho yaliyozoea. Kipande kinachohitajika ni kidogo na hakiharibiki njiani, kwa hiyo parseli ya basi inatosha. Huduma hii ikae Morogoro. Haigharimu sana, na ingeweza kuanza kabla tofali la kwanza la upanuzi halijawekwa.

Usijenge kilichokwisha jengwa

Hasara kubwa ya mpasuaji wa Mufindi iko kwenye msumeno. Mashine za duara zinazoitwa ding-dong zina meno yanayokula milimita 6 hivi kila mpitisho, wakati msumeno wa mkanda ulionolewa vizuri hula karibu 2. Kwenye gogo la mipitisho sita, tofauti ni milimita 24, ambayo ni karibu ubao mzima wa inchi moja uliogeuka pumba. Maabara haiwezi kulitibu hilo kwa kipimo chochote. Tiba yake ni mafunzo ya kunoa na kupanga mipitisho, na yupo anayeyatoa: Chuo cha Viwanda vya Misitu cha Moshi, na kituo cha mafunzo cha Mafinga kilichoanzishwa chini ya programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland. TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, nayo ina kituo cha utafiti wa matumizi ya mbao Moshi.

Ndiyo maana ninaposema tawi la Mafinga simaanishi SUA ikatafute kiwanja na kumwaga zege. Namaanisha vyumba viwili ndani ya kituo kilichopo, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani analipa umeme na nani anamiliki mizani. Taasisi zetu hupenda kila mmoja awe na geti lake. Kwa mbao hilo ni ubadhirifu, maana wateja ni wale wale.

Mfano wa mbali unaovutia

Wengi wanaoandika maombi ya fedha hutaja Oregon, Marekani, ambako chuo kikuu cha jimbo kina maabara kubwa ya mbao zinazopangwa msalaba na kugundishwa kwa ajili ya kujenga maghorofa. Ni kazi nzuri sana. Lakini tazama mlolongo wake: kiwanda cha D.R. Johnson kilichoko Riddle kilitaka kutengeneza mbao hizo, chuo kikasaidia kuzipima, na mwaka 2015 kiwanda hicho kikawa cha kwanza Marekani kuthibitishwa kuziuza kwa ujenzi. Kiwanda kilikuwepo na kilikuwa kikigonga mlango. Kwetu zipo nyumba za mbao Fumba, Zanzibar, na hamu ya ujenzi huo inakua, nami naifurahia. Hata hivyo mbao za kugundishwa zinataka kwanza mbao kavu zenye daraja linalojulikana. Gundi haishiki vizuri ubao wa asilimia 40 za maji. Anayenunua mashinikizo ya kugundishia kabla ya tanuri ameanzia mwisho.

Watu na cheti

Miradi mikubwa, kama HEET wa Benki ya Dunia wenye dola milioni 425 kwa elimu ya juu nchini, hulipia majengo na vifaa. Mshahara wa fundi sanifu baada ya mradi kufungwa hubaki kwa chuo. Kwa kipengele hiki Morogoro ina nafuu kubwa: wanafunzi wapo, wahadhiri wapo, fundi akiugua kuna wa kumshika mkono. Mafinga fundi mmoja akihama, tawi limefungwa. Gari ndilo dhaifu kuliko yote. Dereva, dizeli, matairi na posho za njiani ni gharama za kila mwezi zisizo na fungu, na ndizo za kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Halafu kuna ithibati. Karatasi ya matokeo isiyo na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, haina uzito mbele ya mnunuzi wa nje au mkandarasi makini. Tanzania inahudumiwa na SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC chenye makao yake Gaborone, na ithibati inataka ugezi wa mashine (kuhakiki usahihi wa vipimo vyake) kila kipindi, kumbukumbu zisizo na mapengo, na mazingira ya upimaji yanayodhibitiwa. Anzeni na vipimo viwili au vitatu tu, unyevu na uzito wa ujazo vikiwa vya kwanza, chini ya jina moja la maabara yenye vituo viwili. Kuomba ithibati ya kila kitu kwa pamoja ni njia ya kutopata chochote.

Uchague ipi

Fedha zikiwa kidogo, chagua vyumba viwili vya Mafinga vyenye tanuri, mizani, matanuri ya jua na kipimo cha dawa, na uiache Morogoro ilivyo isipokuwa huduma ya utambuzi wa mbao. Watu wengi zaidi wataiona tofauti ndani ya msimu mmoja.

Fedha zikiwa nyingi na muda ni miaka mitano au zaidi, sakafu ya kupimia mbao za ukubwa kamili ijengwe Morogoro, pamoja na chumba chake cha kutuliza sampuli, na Mafinga iwe mahali pa kupokelea na kuchagua mbao za majaribio. Kama lengo la mfadhili ni kufundisha wanafunzi tu, Morogoro inatosha, na liandikwe hivyo wazi bila kumtaja mkulima kwenye ukurasa wa kwanza.

Gari peke yake nisingelichagua kwa hali yoyote. Kama sehemu ya tawi, pikapu moja inatosha, na mafuta yake yalipwe kutokana na ada ya upimaji. Ada hiyo itozwe chama, isitozwe mkulima mmoja mmoja: chama chenye hekta mia moja za misindano kinaweza kulipia siku moja ya kugonga magogo kabla ya kukaa mezani na mnunuzi, na siku hiyo ikapangwe kabla bei haijatajwa.